Yakinlu wa Arwad: mfalme au liwali wa Ashuru?

Swali: "Katika kumbukumbu za Ashurbanipal nimekutana na habari za Yakinlu, mfalme wa kisiwa cha Arwad, aliyempeleka binti yake Ninawi na kubusu miguu ya mfalme wa Ashuru. Je, mtu wa namna hii alikuwa mfalme kweli, au liwali tu aliyeachiwa taji kichwani? Na kama alikuwa mkaidi kama inavyosemwa, kwa nini hakukatwa kichwa kama mfalme wa Sidoni? Wanafunzi wangu wameniuliza nami sikuwa na jibu la kuwatosheleza."

Jibu: Mwalimu, nakushukuru kwa swali hili. Yakinlu ni mmoja wa wafalme wachache wadogo wa Foinike (pwani ya Lebanoni na Siria ya leo) tunaoweza kuwatazama kutoka pande mbili: upande wa kumbukumbu za kujisifu za mfalme aliyemtawala, na upande wa barua ya malalamiko ya ofisa wa Ashuru aliyekuwa akisumbuliwa naye pwani. Anayesoma kumbukumbu peke yake humwona mtu aliyepiga magoti akabusu miguu. Anayesoma barua humwona mtu aliyekuwa akiikausha bandari ya mfalme wa Ashuru, huku baadhi ya wakubwa wa ikulu wakila naye sahani moja. Mimi nashikilia kwamba alikuwa mfalme hasa, tena aliyeijua vizuri thamani yake, na kwamba miongoni mwa mambo yaliyomkinga kwa muda mrefu, kubwa ni kwamba watu wenyewe wa Ninawi, mji mkuu wa Ashuru, walikuwa na fedha zao kisiwani kwake.

Tuanze na mahali penyewe, kwa maana bila kupaelewa habari zote zinazofuata zitaonekana kama za ajabu. Arwad, ambayo Biblia ya Kiswahili huiita Arvadi na ambayo nabii Ezekieli, katika sura ya 27, aliwataja watu wake miongoni mwa wavuta makasia na walinzi wa kuta za Tiro, ni kisiwa kidogo kilicho kiasi cha kilomita 3 kutoka pwani ya Tartus katika Siria ya leo. Urefu wake haufiki kilomita moja. Hakina mto wala mashamba ya kutosha, na kila gunia la nafaka na kila mzigo wa kuni lazima uvushwe kwa chombo kutoka bara. Mwanajiografia Strabo, aliyeandika karibu miaka 700 baada ya Yakinlu, anasimulia kwamba nyumba za huko zilikuwa za ghorofa nyingi kwa sababu ya ufinyu wa nafasi, na kwamba watu walikinga maji ya mvua katika mabirika. Vita vilipowafungia njia ya bara, walikwenda kwa mashua mpaka juu ya chemchemi ya maji matamu iliyobubujika chini ya bahari, wakashusha faneli pana ya risasi iliyounganishwa na bomba la ngozi, wakangoja maji ya chumvi yaishe kutoka, kisha wakateka ya kunywa. Sidai kwamba watu wa Yakinlu walifanya vivyo hivyo, lakini masimulizi hayo yanaonyesha kisiwa cha aina hii kilihitaji akili gani ili kiweze kuvumilia mzingiro.

Upande wa pili wa mlango huo wa bahari mambo yalikuwa yamebadilika tangu zamani za babu zake. Mwaka 738 K.K. mfalme wa Ashuru Tiglath-Pileser III aliugeuza mji wa Simirra, ulioko bara kusini kidogo ya Arwad, kuwa makao ya jimbo la Ashuru. Kuanzia hapo liwali wa Ashuru aliketi pwani, karibu na mabonde ambamo magogo ya milima ya Lebanoni yaliteremshwa, na kisiwa kikabaki na mfalme wake. Kukawa na bandari mbili zikigombea vyombo vilevile: moja ilikusanya ushuru kwa ajili ya Ninawi, nyingine kwa ajili ya nyumba ya kifalme ya Arwad. Ugomvi wote wa Yakinlu na Ashuru umo katika jambo hilo.

Ashurbanipal, aliyetawala kuanzia mwaka 668 K.K., anamtambulisha Yakinlu kama mfalme "akaaye katikati ya bahari" ambaye hakuwa amewatii wafalme waliomtangulia. Maneno hayo yanahitaji kupimwa, na hapa ndipo wasomaji wengi huteleza. Arwad ilikuwa imeshughulika na Ashuru kwa karne kadhaa. Karibu mwaka 1100 K.K. Tiglath-Pileser I alisafiri katika vyombo vya watu wa Arwad mpaka Simirra, akajisifu kwamba njiani alimuua mnyama mkubwa aliyeitwa farasi wa bahari. Ashurnasirpal II alipokea kodi kutoka Arwad. Mwaka 853 K.K. kisiwa kilipeleka askari 200 kupigana na Shalmaneser III kule Qarqar, katika Siria, idadi ndogo sana ukilinganisha na maelfu ya Dameski na Israeli, nayo inatupa picha ya uwezo wake wa kijeshi nchi kavu. Mwaka 701 K.K. mfalme wake Abdi-liti alikuwa miongoni mwa waliomletea Sennacherib zawadi na kubusu miguu yake. Esarhaddon, baba yake Ashurbanipal, aliorodhesha wafalme 12 wa pwani na 10 wa kisiwa cha Saiprasi waliolazimishwa kusafirisha mbao na mawe hadi Ninawi kwa ujenzi wa ghala kuu la silaha. Mfalme wa Arwad yumo humo, jina lake Matan-Baal, katika orodha moja na Baal wa Tiro na Manase wa Yuda.

La kushangaza zaidi ni kwamba Yakinlu mwenyewe yumo katika orodha ya namna hiyohiyo iliyoandikwa kwa amri ya Ashurbanipal. Jeshi la Ashuru lilipopita pwani mwaka 667 K.K. kwenda Misri, wafalme 22 walileta zawadi wakatoa askari na vyombo, na mahali pa Matan-Baal sasa panasomeka jina la Yakinlu wa Arwad. Kwa hiyo mtu yuleyule, katika kumbukumbu za mfalme yuleyule, ni mtiifu aliyechangia vita vya Misri na pia ni mkaidi ambaye hajawahi kunyenyekea. Sioni sababu ya kuchagua moja na kuitupa nyingine. Zote mbili ni kweli, kwa kuwa Yakinlu alitoa alichoombwa jeshi kubwa lilipokuwa likipita mbele ya macho yake, na jeshi lilipoondoka akaendelea na shughuli zake.

Shughuli hizo tunazijua kwa sababu ya barua moja. Aliyeiandika ni ofisa aitwaye Itti-Shamash-balatu, aliyekuwa akiangalia maslahi ya mfalme wa Ashuru kwenye pwani hiyo, na kwa kawaida wataalamu huiweka karibu na mwisho wa utawala wa Esarhaddon, aliyefariki mwaka 669 K.K. Ndani yake Yakinlu anaitwa Ikkilu, ambayo ni namna nyingine ya kuliandika jina lake. Ofisa analalamika kwamba Ikkilu haachi vyombo viingie katika bandari ya mfalme, na kwamba biashara yote ameigeuzia upande wake. Anayekuja kutia nanga kwake humtunza vizuri. Anayetia nanga kwenye bandari ya Ashuru humuua na kuchukua chombo chake.

Tafadhali mwalimu, wasomee wanafunzi wako sehemu inayofuata polepole, kwa kuwa ina uzito kuliko hiyo ya mauaji. Ikkilu, anaandika ofisa, anadai kwamba ameandikiwa kutoka ikulu afanye lile linalomfaa. Hakujitetea kama mwasi anayekana mamlaka ya Ninawi, ila alidai kwamba ana ruhusa ya Ninawi. Tena alikuwa na mtu wake, Ilu-maadi, mwenyeji wa Simirra, aliyekwenda Ashuru na kurudi, akichunguza kila jambo linalozungumzwa huko na kuja kumweleza. Mfalme wa kisiwa cha hekta chache, ambaye tunazoea kumfikiria kama mtu aliyekaa gizani akingojea amri, alikuwa na masikio yake katika nchi ya mtawala wake.

Kisha barua inafika penye kiini. Ofisa anamkumbusha bwana wake kwamba wako wengi katika wale wanaomzunguka mfalme ambao wameweka fedha katika "nyumba hii", maneno ambayo yanaelekea kumaanisha biashara ya Ikkilu, na kwamba watu hao, pamoja na wafanyabiashara, wanamtisha. Yeye anasema tumaini lake amemwekea mfalme, wala hampi mtu mwingine hata shekeli moja, wala nusu shekeli. Nimeisoma barua hii mara nyingi na kila mara namhurumia mwandishi wake. Ametumwa kulinda mapato ya dola, halafu anagundua kwamba maadui wake wakubwa hawako kisiwani. Wako nyuma yake, katika jiji lilelile lililomtuma. Wanaochelea hasara ikiwa Arwad itapigwa ni watu wenye nafasi karibu na kiti cha enzi, na kila chombo kinachoikwepa bandari ya Ashuru na kwenda kisiwani kinawaongezea faida.

Sasa naweza kulijibu swali lako kuhusu Sidoni. Abdi-Milkutti wa Sidoni alikatwa kichwa mwaka 676 K.K., baada ya mji wake kuharibiwa mwaka mmoja kabla. Esarhaddon anasema alimvua baharini kama samaki, kwa maana mfalme huyo alikuwa amekimbia kwa chombo. Kichwa chake na cha mshirika wake Sanduarri, mfalme wa miji ya Kundi na Sissu, vilitungikwa shingoni mwa wakubwa wao wenyewe, wakapitishwa katika barabara za Ninawi huku waimbaji wakiimba. Jirani na mahali pale ukajengwa mji mpya ulioitwa Bandari ya Esarhaddon, na baadhi ya miji ya Sidoni akapewa Baal wa Tiro. Adhabu ile ilikuwa ya kutisha makusudi, nayo ilieleweka pwani nzima.

Tofauti ya kwanza ni ya wazi: Sidoni uko bara. Jeshi la Ashuru, lililokuwa hodari kuliko majeshi yote ya zama zake katika kuvunja kuta, liliweza kuufikia kwa miguu. Waashuru hawakuwa watu wa bahari. Sennacherib alipotaka vyombo vya kupigana na Waelamu (watu wa kusini-magharibi mwa Irani ya leo) mwaka 694 K.K., mafundi wa kuviunda walitoka nchi za magharibi, na mabaharia wa kuviendesha walitoka Tiro na Sidoni, miongoni mwa wengine. Kwa kukishambulia kisiwa kimoja cha Wafoinike ilibidi wawatumie Wafoinike wengine. Ndiyo maana hata Tiro, kisiwa kikubwa zaidi na chenye kisa kizito zaidi cha kumtegemea Farao Taharka, kilizingirwa kwa maboma upande wa bara na kukatiwa chakula na maji, bila kuvamiwa.

Tofauti ya pili ni ya mwenendo. Abdi-Milkutti alilikataa kongwa waziwazi na kufunga mkataba na mfalme mwingine muasi. Yakinlu hakulikataa kamwe kwa maneno. Alikuwa akiitafuna kodi ya bandari kimyakimya, huku akidai kwamba anatekeleza barua za ikulu, na mtu wa namna hiyo ni vigumu kumpangia safari ya kijeshi, hasa katika miaka ambayo Ashuru ilikuwa imejifunga katika vita na Misri: Memfisi ilitwaliwa mwaka 671, Esarhaddon akafia njiani mwaka 669, jeshi la Ashurbanipal likarudi mwaka 667, na Thebesi ikaporwa karibu na mwaka 663 K.K. Kila safari kati ya hizo ilipitia pwani na ilihitaji vyombo vya pwani. Kuiwasha moto Arwad katikati ya vita hivyo kungekuwa kuuziba mlango unaoutegemea kupita.

Ili uone jinsi Ashuru ilivyojaribu kuwabana wafalme hawa pale ilipoweza, tazama mkataba wa Esarhaddon na Baal wa Tiro, ambao umetufikia ukiwa umevunjika lakini unasomeka sehemu kubwa. Baal aliwekewa mjumbe wa mfalme wa kukaa naye, akakatazwa kufungua barua yoyote kutoka kwa Esarhaddon mjumbe huyo asipokuwapo. Kama hayupo, lazima amngoje. Chombo cha Tiro kikivunjika katika pwani ya Wafilisti au ndani ya mipaka ya Ashuru, shehena yote ni ya Esarhaddon, ila watu waliomo wasidhuriwe na warudishwe kwao. Zinatajwa bandari ambazo Watiro wanaruhusiwa kufanyia biashara. Mwishoni miungu ya Wafoinike yenyewe inaombwa ilete upepo mbaya juu ya vyombo vya mvunja mkataba, ikate kamba zake na kung'oa nguzo zake za kufungia. Waliotunga masharti hayo walijua kwamba pwani ile ilitawaliwa kwa kudhibiti barua, shehena na gati. Na ni hayohayo ambayo Yakinlu alikuwa ameyageuza yamfae yeye.

Iko pia hati ya kuuliza miungu, ambamo Ashurbanipal anamwuliza mungu jua Shamash kama, akimpelekea Ikkilu wa Arwad mjumbe, ujumbe wake utasikilizwa. Jibu la maswali ya aina hiyo lilitafutwa katika ini la kondoo aliyechinjwa. Mtawala wa nchi kutoka Misri mpaka mipaka ya Elamu hakuwa na uhakika kama mfalme wa kisiwa kile atamwitikia. Kwangu mimi hiyo ni hoja yenye nguvu dhidi ya wale wanaosema Yakinlu alikuwa kibaraka mtupu, kwani hakuna anayehitaji kuchinja kondoo ili ajue kama liwali wake atatii.

Hatimaye, katika miaka ya 660 K.K., baada ya Baal wa Tiro kuzidiwa na mzingiro na kuwatoa binti yake, mabinti wa nduguze na mwanawe Yahi-milki (ambaye Ashurbanipal alimrudisha kwa baba yake), Yakinlu naye alikwenda Ninawi. Alimpeleka binti yake pamoja na mali nyingi za kumsindikiza, ili awe katika utumishi wa nyumba ya mfalme wa Ashuru, naye akabusu miguu. Akatozwa kila mwaka dhahabu, sufu ya zambarau nyekundu, sufu ya zambarau iliyokolea, samaki na ndege. Maneno karibu yaleyale yanatumika kwa Mugallu wa Tabali na Sandasharme wa Hilakku, wafalme wa milima ya Anatolia (Uturuki ya leo) waliopeleka mabinti wao katika miaka hiyohiyo, kwa hiyo tusiyasome kama fedheha iliyobuniwa kwa ajili ya Arwad peke yake. Ilikuwa njia ya kuwafunga kwa damu wafalme ambao kuwafunga kwa minyororo kungegharimu mno. Maandishi hayasemi kwamba askari wa Ashuru waliwekwa kisiwani, wala kwamba Yakinlu aliondolewa. Alikufa akiwa mfalme.

Baada ya kifo chake ndipo inaonekana kile alichokipoteza hasa. Kumbukumbu zinasema wanawe, wakaao katikati ya bahari, walipanda kutoka baharini wakaja na zawadi nzito kubusu miguu ya Ashurbanipal, na zinawataja kwa majina wote kumi: Azi-Baal, Abi-Baal, Aduni-Baal, Sapati-Baal, Budi-Baal, Baal-yashupu, Baal-hanunu, Baal-maluku, Abi-milki na Ahi-milki. Dada yao aliyetangulia Ninawi hakutajwa jina. Ashurbanipal alimtazama Azi-Baal kwa furaha, akamfanya mfalme wa Arwad. Wale tisa aliwavika mavazi ya rangi nyingi, akawatia pete za dhahabu mikononi, akawasimamisha mbele yake.

Wasomaji wengine huona hapo ukarimu. Mimi naona amana. Ndugu tisa wa mfalme mpya, kila mmoja akiwa na haki ya kudai kiti kilekile, walikaa Ninawi wakilishwa na kuvikwa na Ashuru, na Azi-Baal alijua kwamba siku atakayoikausha bandari ya Simirra kama alivyofanya baba yake, kuna tisa wa kuchagua mbadala wake. Yakinlu aliwahi kuwa na watu wake Ashuru waliomlinda kwa ajili ya faida yao. Mwanawe sasa alikuwa na nduguze huko, na uwepo wao ulikuwa tishio.

Hata hivyo bado nisingemwita hata Azi-Baal liwali. Liwali wa Ashuru aliteuliwa na kuhamishwa kama mfalme alivyopenda, mara nyingi alikuwa towashi asiyeweza kuacha ukoo, na jimbo lake lilihesabiwa kuwa nchi ya Ashuru. Arwad haikuhesabiwa hivyo. Mfalme wa Ashuru alichagua mtoto gani arithi, lakini alichagua miongoni mwa watoto wa Yakinlu, na kisiwa kikabaki na ukoo wake. Ninawi iliangushwa mwaka 612 K.K. Mwaka 333 K.K. Alexander wa Makedonia alipofika pwani hiyohiyo, alikuta Arwad bado ina mfalme, Gerostratos, aliyekuwa safarini na manowari za Waajemi, na mwanawe Straton ndiye aliyetoka kumlaki, akamvika Alexander taji la dhahabu na kumkabidhi kisiwa pamoja na miji yake ya bara.